Pombe ya Wakwe Niliyoitia Maji

Kama wewe ni mzee mwenzangu, na wanao wamekwisha kukuambia mara mbili tatu kwamba ipo nyumba ya kukusaidia kuacha pombe, nawe ukawajibu kwamba nyumba zile ni za vijana wa unga, basi haya nimekuandikia wewe. Mimi nilijibu hivyo hivyo. Nilikuwa na miaka sitini na saba, nina mji wangu, nina kiti changu kanisani, na kila asubuhi kabla ya chai nilikuwa nakunywa glasi ya gongo ili mikono itulie nishike spana.

Siku niliyofikishwa kwenye nyumba ile, iliyo kando ya ziwa kwenye njia ya kwenda Kigongo, tulikaribishwa na msimamizi anayeitwa Kulwa. Ni mwanamume wa miaka kama arobaini, mrefu, mwenye makovu ya sindano mikononi ambayo wala hayafichi. Aliniamkia vizuri, kisha akafungua begi langu akaanza kulipekua mbele ya mdogo wangu Projestus, aliyekuwa amenileta. Akatoa chupa ya manukato ya kunyolea.

"Hii itabaki kwangu," akasema.

"Kijana, mimi ni mzee wa watu. Hiyo natumia kunyolea ndevu."

"Najua, mzee. Ndiyo maana imebaki robo na ndevu bado unazo."

Projestus akageuka akaangalia ziwa. Ile robo tatu ilikuwa imepita kooni mwangu wiki ya mwisho kabla sijalazwa hospitali.

Lakini sikupelekwa pale kwa ajili ya manukato. Ni lazima niseme kwanza nilichofanya, maana bila hicho hutaelewa kwa nini nilikaa.

Mimi ni Mhaya wa Muleba, ingawa nimeishi Mwanza zaidi ya miaka arobaini. Nilimaliza kidato cha nne, nikajifunza ufundi wa injini za boti, na karakana yangu iko Mkuyuni. Mke wangu ni Mama Koku, na Koku ndiye binti yetu wa mwisho, mwalimu wa shule ya msingi. Alipata mchumba, kijana wa Bukoba, mstaarabu, na wazee wake wakaja kuposa.

Kwetu posa haifunguliwi bila lubisi, pombe ya ndizi. Upande wa mwanamume ndio unaoileta. Baba wa binti huionja wa kwanza, mbele ya watu wote, kisha hutamka kwamba pombe ni nzuri. Neno hilo ndilo mlango. Kabla halijatoka kinywani mwake hakuna posa, kuna wageni tu waliokaa kwenye viti. Pombe huletwa siku moja kabla. Madumu yalihifadhiwa kwa Projestus, lakini kibuyu cha heshima kililala kwangu, kwa sababu mwenye mji ndiye mlinzi wake.

Nami nililinda. Niliamka alfajiri nikaingia stoo, nikazibua jani la mgomba mdomoni mwa kibuyu, nikasema nitaonja kidogo nijue kama wakwe wanajua kupika. Kulipopambazuka nilikuwa nimefika nusu. Nikachukua jagi, nikajaza maji ya bomba, nikarudisha jani mahali pake. Nilipogeuka, Koku alikuwa amesimama mlangoni na ufagio mkononi. Nikamwambia, "Nilikuwa naangalia kama panya hawajaingia."

Saa sita wageni walikaa. Mkubwa wao alikuwa Mzee Ishengoma, baba mkubwa wa kijana, mtu wa maneno machache. Kibuyu kikaletwa, nikapewa mrija. Nikavuta. Pombe ilikuwa imepooza, maji yenye harufu ya ndizi kwa mbali. Hapo nikapiga hesabu ya haraka: nikisema ni nzuri, kibuyu kitakwenda kwa Mzee Ishengoma, ataonja, ataniuliza nimefanya nini. Bora niseme mimi kwanza.

Nikatema chini. Nikasema, "Mmetuletea maji."

Sijui kama kuna njia ya kumweleza asiye Mhaya uzito wa jambo lile. Nilikuwa nimewaambia watu wazima, mbele ya wake zao na vijana wao, kwamba wamekuja kumdharau binti yangu. Mzee Ishengoma alichukua kibuyu, akaonja, akaniangalia kwa muda mrefu.

"Tumetoka Bukoba na kibuyu hiki nimekipakata mapajani," akasema. "Kwenye kivuko wenzangu wote walishuka kwenye gari kupata hewa. Mimi sikushuka, kwa ajili yake."

Wakasimama wote, wakaaga kwa adabu, wakaondoka. Koku alikuwa amesimama mlangoni mwa jikoni. Neno moja tu lingetosha kuokoa posa yake, na neno hilo lingenivua nguo mbele ya watu. Hakulisema. Toka siku hiyo hakuniita tena Tata, kama watoto wetu wanavyoita baba. Aliniita "mzee," kama wateja wangu.

Natamani kusema kwamba aibu ndiyo iliyonipeleka kwenye ile nyumba. Si kweli. Aibu niliinywea. Kilichonipeleka ni kuanguka mlangoni mwa karakana, miguu imevimba hadi viatu havivuki kisigino, macho yana rangi ya manjano. Nililazwa hospitali siku kumi, na kule ndiko walikonisaidia kuacha kwa usalama, maana mtetemeko wa kuacha ghafla ungeweza kuniua. Mzee mwenzangu, hili nalirudia: usijifungie chumbani peke yako eti unaacha. Anza kwa daktari. Daktari wangu alikuwa binti mdogo, aliniambia, "Baba, ini lako limezeeka kukuzidi." Kutoka wodini nikapakiwa kwenye gari la Projestus.

Wiki ya kwanza kwenye nyumba siikumbuki sawasawa. Nakumbuka wadudu wa ziwani wakitembea ukutani, na naambiwa ulikuwa msimu ambao hawapo. Nakumbuka nimejitapikia, na Kulwa amechuchumaa na beseni la maji ya uvuguvugu.

"Shikamoo, mzee. Inua mkono wa kulia."

"Marahaba."

"Na wa kushoto."

Aliniosha kama anavyooshwa mtoto mchanga, na kila siku kabla hajanigusa aliniamkia kwanza. Mtu aliye uchi mbele ya mtu mdogo kwa umri hana heshima iliyobaki. Kulwa alinirudishia yangu kila asubuhi kwa lile shikamoo moja.

Lakini nilipopata nguvu kidogo, nilirudi na kiburi changu. Zamu za kazi zilibandikwa ukutani, nikaona jina langu kwenye kusafisha vyoo. Nikaenda ofisini.

"Kulwa, nina miaka sitini na saba."

"Hapa, mzee, una siku kumi na tisa."

"Unasemaje?"

"Katika nyumba hii umri tunauhesabu toka siku uliyoacha. Mimi nina miaka minane. Masanja ana miezi mitano. Wewe una siku kumi na tisa. Brashi iko nyuma ya mlango."

Masanja huyo ndiye niliyelala naye chumba kimoja. Msukuma wa Misungwi, mfugaji, mwenye umri wa kukaribia sitini, kucheka kwake kunasikika hadi barabarani. Alipojua tu mimi ni Mhaya, jina langu likawa limekufa. Akaniita Nshomile, yaani "nimesoma," utani ambao Mhaya yeyote anaufahamu.

"Nshomile, leo unasafisha choo kwa Kiingereza au kwa Kiswahili?"

"Safisha chako, mchunga ng'ombe."

"Ng'ombe gani? Wameisha. Nimekunywa ng'ombe kumi na mmoja na ndama mmoja. Ndama yule ndiye ananiuma, hata hakuwa ameota pembe. Wewe umekunywa nini?"

Sikuwa tayari kusema kwamba nimekunywa posa ya mwanangu.

Usiku wa kwanza niliolala moja kwa moja hadi asubuhi ulikuwa katikati ya kiangazi. Nilipoamka nilisikia harufu ya dagaa walioanikwa mchangani, nikadhani kuna kitu kimeharibika. Pua yangu ilikuwa imerudi. Siku zile niliona vitu hivi vidogo na sikuvitegemea: uji una ladha, kucha zinaota tena bila kukatika, viatu vinavuka kisigino. Masanja alikuwa amenipa kandambili zake wakati miguu imevimba, yeye akatembea peku. Nilipomrudishia alizigeuza akazikagua. "Umezipanua," akasema. "Mguu wa msomi una ubishi."

Kliniki ilikuwa kila mwezi. Tuliondoka na Kulwa asubuhi, tukakaa kwenye benchi refu la wagonjwa wa nje, kila mtu amekumbatia faili lake. Benchi lile liliniuma kuliko sindano. Mara ya pili alipita mama mmoja tunayesali naye, akasimama.

"Heee, Baba Koku! Umepotea. Unaumwa nini?"

"Presha tu, mama. Presha imepanda."

"Pole jamani. Punguza chumvi."

Alipoondoka, Kulwa aliendelea kusoma gazeti. Baada ya muda akasema bila kuinua macho, "Mzee, hiyo presha umeitoa wapi? Maana kwenye faili haipo." Kliniki ya tatu, nilikutana na mama yule yule, akaniuliza presha inaendeleaje. Nikamwambia, "Mama, sina presha. Nilikuwa mlevi, ini limeumia, naishi kwenye nyumba ya waraibu." Alishika kifua. Kisha akakaa kando yangu kwenye benchi, akashusha sauti, akaniambia jina la mwanawe, akaniuliza kwenye nyumba ile wanapokea watu saa ngapi. Nilirudi siku ile nikitembea kama mtu aliyeshona suti mpya.

Mvua za vuli zilipoanza kusuasua, bustani ya mchicha ikaanza kukauka. Nyumba ina pampu ya kuvuta maji ziwani, ilikuwa imekufa toka kabla sijafika. Kulwa alikuwa ameniomba mapema niitazame, nikamwambia sina vifaa. Uongo. Vifaa vilikuwepo. Nilichokuwa nakosa ni mikono. Ndani ya kabureta kuna kijiti chembamba kama sindano, nacho hukaa kwenye tundu dogo, na mkono unaotetemeka hauwezi kukiingiza. Kwa miaka mingi gongo ndiyo iliyokuwa inaniingizia.

Asubuhi moja niliichukua pampu mwenyewe, nikakaa chini kwenye mkeka, nikaifungua yote. Wenzangu wakakusanyika. Masanja akatangaza, "Njooni muone, Nshomile anafanya operesheni." Niliposhika kile kijiti, kelele zikaisha. Mara ya kwanza kiligonga pembeni. Mara ya pili kikagonga tena. Nikavuta pumzi, nikaweka kiwiko gotini, kikaingia bila tone la gongo kooni. Injini ilipowaka na maji yakaanza kutoka kwenye bomba, Masanja alijimwagia kichwani na nguo zake zote. Mimi niliangalia mikono yangu tu. Ilikuwa ya mzee, imejaa madoa, lakini ilikuwa yangu.

Kiburi hicho ndicho nilichoingia nacho kwenye siku ya familia. Kila baada ya miezi kadhaa ndugu hualikwa, na mkazi wa nyumba husimama mbele yao akaeleza alichofanya, bila kukiremba. Walikuja Mama Koku, Projestus na Koku. Nilikuwa nimejiandaa, nilikuwa na karatasi. Nikasema nimewakosea, nikasema ugonjwa huu ni mbaya, nikasema hata ile siku ya posa nilikuwa nimeonja kidogo na mambo hayakwenda vizuri.

Koku akasimama. "Umeonja kidogo?" akauliza. Akachukua mkoba wake, akatoka nje. Mama Koku alimfuata. Geti likafungwa.

Masanja alikaa kando yangu jioni ile, kwa mara ya kwanza bila utani, au karibu bila utani. "Nshomile, hesabu zako zina kosa. Kibuyu kilikuwa na kiasi gani?"

"Kimejaa."

"Ukaacha kiasi gani?"

"Nusu."

"Mimi sikusoma, lakini hata ng'ombe wangu walijua nusu si kidogo."

Nikamweleza yote, kuanzia jagi hadi kutema. Hakucheka. Alisema, "Basi wewe umenikuta na ng'ombe wangu kumi na mmoja ukanipita."

Nilikwenda kwa Kulwa nikamwambia nataka kumwandikia Mzee Ishengoma barua ya kuomba radhi. Nilijua ningeiandika vizuri. Alitikisa kichwa.

"Nyinyi wasomi mnajificha kwenye barua, mzee. Ulimtukana kwa barua?"

"Hapana."

"Ulikuwa wapi ulipomtukana?"

"Kwenye kiti changu. Mbele ya watu."

"Basi unaijua sehemu ya kwenda."

Wiki mbili baadaye Mama Koku alikuja peke yake. Alikuwa hajawahi kunisamehe kwa maneno, na mpaka leo hajasema. Alikaa kwenye benchi, akanikabidhi pakiti ya kahawa ya kutafuna kutoka kwao, ile inayochemshwa na majani kisha ikakaushwa na maganda yake. "Mdomo uliozoea kazi lazima upewe kazi," akasema, akaangalia pembeni. Kulwa aliinusa pakiti nzima kabla ya kuniruhusu. Masanja aliomba moja, akaitazama.

"Haya ni mavi ya mbuzi."

"Ni heshima. Mgeni kwetu hupewa hii kabla ya kitu chochote."

"Mnampa mgeni mavi ya mbuzi." Akatafuna. Akakunja uso. Kesho yake akaomba nyingine.

Tangu hapo niliweka punje chache mfuko wa shati. Hamu ilipokuja, na ilikuja hasa saa nne asubuhi, saa ya glasi yangu ya pili, nilitafuna moja taratibu mpaka ipite.

Koku alirudi wakati wa masika. Mvua ilikuwa inanyesha, tukakaa barazani tunaangalia ziwa lilivyokuwa na rangi ya chai ya maziwa. Aliniambia kijana bado anamngoja, lakini wazee wake wamekataa kukanyaga kwetu mpaka mwenye mji awaite mwenyewe. Projestus alikuwa amejitolea kukaa kwenye kiti changu na kusema kaka yake ni mgonjwa.

"Ni njia rahisi," akasema. "Baba mdogo ataonja, ataitikia, itaisha."

"Na wewe unataka nini?"

"Nataka ukae wewe. Lakini pombe italetwa, mzee. Watakupa mrija. Ukikataa, umewatukana mara ya pili. Ukivuta, tunakuzika. Mimi sitaki kuolewa siku ya msiba wako."

"Nitawaita wazee mwenyewe," nikamwambia. "Nipe namba."

"Utafanyaje?"

"Sijui. Lakini sitavuta."

Nilimpigia Mzee Ishengoma mbele yake, Koku akiwa ameegemea nguzo ya baraza. Nikamwamkia, maana ananizidi miaka minane. Nikamwambia nawaita kwangu, nina neno lao.

Akauliza, "Neno, au maji?"

"Neno, mzee wangu."

"Tutakuja kusikia."

Koku aliondoka bila kuniambia kitu, lakini getini aligeuka akaangalia nyuma, na hilo nililiweka mfukoni pamoja na kahawa.

Nilimaliza muda wangu kwenye nyumba mvua zilipokatika. Nilikuwa na karibu mwaka mzima. Daktari alisema ini halitarudi kuwa jipya, ila limeacha kuharibika, na akaongeza kwamba wazee wengi hawafikishwi kwake mapema namna hiyo. Mimi niliona nimechelewa, yeye aliona nimewahi. Nikaamua kumwamini yeye.

Wakwe walikuja kiangazi kilichofuata. Mara ya kwanza walikuja kwa kivuko, safari hii walipita juu ya daraja jipya. Pombe ilifika jana yake kama kawaida. Kibuyu nilikataa kisilale kwangu. Nilimwambia Projestus akilaze kwake, na nilimwambia sababu mbele ya mkewe. Asubuhi Masanja alikuja kutoka Misungwi, amevaa koti lililomzidi, kunisindikiza. Nyumba ile inatufundisha kwamba mtu haingii penye pombe peke yake. Akakaa nyuma ya kiti changu kama mlinzi wa mtemi.

Mzee Ishengoma alikaa pale pale alipokaa mara ya kwanza. Kwenye mapaja yake kulikuwa na kibuyu, alichokichukua mwenyewe kwa Projestus asubuhi ile. Mshenga wao alisimama, akasema maneno ya kawaida, akakichukua, akakiweka mbele yangu, akaninyooshea mrija.

Harufu ilinifikia. Sitakudanganya, mzee mwenzangu, mate yalijaa mdomoni. Nikauweka mkono mfukoni, nikashika punje za kahawa, nikasimama.

"Wazee wangu," nikasema, "mrija huu sitauvuta. Si kwa dharau. Mimi ni mlevi. Nimekaa nyumba ya waraibu karibu mwaka, na nikivuta huu leo, mtarudi kesho kutwa kunizika. Lakini si hilo nililowaitia."

Nikatoa mkono mfukoni, nikaendelea.

"Mara ile mlipokuja, mlileta kibuyu kimejaa. Niliamka alfajiri nikanywa nusu. Nikaongeza maji kwa jagi langu. Kisha nikakaa kwenye kiti hiki nikawaambia mmeleta maji. Binti yangu aliniona. Angeweza kusema, hakusema, ili msimwone baba yake nilivyo. Leo nimesema mwenyewe. Maji yalikuwa yangu. Dharau ilikuwa yangu."

Sauti ya kwanza ilitoka kwa shangazi mmoja wa upande wao: "Eee Mungu wangu!" Vijana wakaangaliana. Projestus alikuwa ameinamisha kichwa. Mzee Ishengoma hakusogea. Alinitazama kama alivyonitazama mara ya kwanza, muda mrefu, na safari hii sikutazama chini.

"Umesema," akasema mwishowe. "Nimesikia. Lakini mila ni mila. Baba wa binti hajatamka, na mlango umefungwa. Nani ataniambia kama pombe yetu ni nzuri?"

Kabla Projestus hajainuka kunisaidia, nilijua jibu. Sikuwa nimelipanga. Lilikuwa limekaa kooni kwangu muda wote ule.

"Mimi ndiye nitakayekuambia," nikasema. "Niliionja. Nusu kibuyu nzima niliionja, hakuna baba aliyewahi kuonja pombe ya posa kwa uaminifu kama mimi. Ilikuwa nzuri, mzee wangu. Ilikuwa imeiva, ndizi zake hazikuwa na kosa. Neno hilo lilikuwa lenu tangu siku ile. Nimelichelewesha tu. Pombe yenu ilikuwa nzuri."

Mabega ya Mzee Ishengoma yakaanza kutikisika, nikaogopa. Alikuwa anacheka. Alicheka mpaka akatoa leso.

"Nusu kibuyu!" akasema. "Jamani, imeonjwa! Imeonjwa kuliko zote!" Akageukia watu wake. "Baba ametamka. Fungueni mlango."

Vigelegele vikatoka jikoni. Masanja aliinama sikioni kwangu. "Nshomile, leo hesabu imekubali," akasema.

Kibuyu kilipelekwa upande wa pili, wakanywa wenyewe, wakafurahi. Mimi nilichukua kikapu kidogo cha kahawa ya kutafuna, nikapita kwa wageni mmoja mmoja, nikiwapa kama mwenye mji anavyopaswa. Mzee Ishengoma alichukua punje mbili, akanirudishia moja mkononi, tukatafuna pamoja.

Bado nakwenda kwenye nyumba ile kila Jumamosi. Nawafundisha wakazi ufundi wa injini, na kama zamu ya vyoo ina pengo naiziba. Kuna siku hamu inakuja kama ndiyo kwanza nimeacha jana. Haijaisha, na aliyekuambia inaisha hakuwa nayo. Wapo niliokaa nao wakarudi kunywa, na wawili tumewazika. Sikuandika haya ili nikudanganye kwamba ni rahisi. Nimeandika kwa sababu nilifikiri nimechelewa, na nilikuwa bado na neno ambalo mwingine yeyote asingeweza kulisema badala yangu. Huenda na wewe unalo.

Siku ile ya posa ya pili, nilipokuwa namalizia safu ya mwisho ya viti, niliona kikapu kimekwisha. Koku alitoka jikoni, amefunga kitenge kipya, akaja akapiga goti mbele yangu kama binti wa Kihaya anavyofanya mbele ya wageni. Kwa mwaka na zaidi nilikuwa "mzee."

"Tata," akasema, "kahawa imewaishia wageni. Unayo nyingine?"

Nikatoa zote zilizokuwa mfukoni mwa shati, nikazimimina kwenye kikapu alichokishika. Mikono yake ilikuwa inatetemeka. Yangu haikutetemeka, na hakuna punje iliyoanguka.